Dekoda Isiyoendana na Kasi ya Waya: Utatuzi wa Matatizo ya Usahihishaji Makosa katika Etheneti

Dekoda ya kusahihisha makosa, yaani sakiti inayorekebisha biti zilizoharibika njiani, inaposhindwa kwenda na kasi ya waya, mbunifu hukimbilia mambo mawili: kupandisha masafa ya saa (mpigo unaoongoza hatua za chipu) na kuongeza vikokotozi. Hatua hizo husaidia mara chache kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu katika dekoda nyingi muda haupotei kwenye hesabu zenyewe. Hupotea katika kusubiri: hesabu moja inasubiri jibu la nyingine, ishara inasubiri kuvuka waya mrefu ndani ya chipu, au fremu nyepesi zinasubiri nyuma ya fremu moja ngumu. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kila dalili liwe hili: ni nani anamsubiri nani, na kwa mapigo mangapi ya saa?

Mifano inayofuata inatoka katika misimbo miwili. Wa kwanza ni msimbo wa LDPC (low-density parity-check, wenye hakiki nyingi ambazo kila moja hugusa biti chache) wa kiwango cha 10GBASE-T, kilichowekwa na IEEE 802.3an mwaka 2006 kwa ajili ya gigabiti 10 kwa sekunde juu ya jozi nne za waya wa shaba. Wa pili ni msimbo wa Reed–Solomon wa alama 544, 514 kati yake zikiwa za data, yaani RS(544,514), unaotumika katika Etheneti ya gigabiti 100, 200 na 400 yenye ishara za ngazi nne. Misimbo hii miwili husimbuliwa kwa njia zisizofanana hata kidogo, lakini namna ya kuitafutia kasoro inakaribiana.

Hesabu ya mapigo kabla ya kitu kingine chochote

Ni vigumu kutibu upungufu ambao ukubwa wake haujulikani. Katika 10GBASE-T kila jozi hupeleka alama milioni 800 kwa sekunde, na fremu moja ya LDPC huchukua nanosekunde 320. Ndani ya fremu hiyo mna biti 3,584, lakini ni biti 2,048 tu zinazopita katika msimbo: 1,723 za data na 325 za ukaguzi. Biti nyingine 1,536 hazisimbwi kabisa, bali hulindwa na umbali mkubwa kati ya vikundi vya alama. Hapa pana kosa linalogharimu miradi mingi, nalo ni kuilenga dekoda ifikie gigabiti 10 kwa sekunde ilhali kazi yake halisi ni biti 2,048 kila nanosekunde 320, ambazo ni gigabiti 6.4 kwa sekunde. Wapo waliopanua chipu bila sababu kwa kuwa hawakugawanya namba hizi mbili.

Saa ikiwa megahezi 500, nanosekunde 320 ni mapigo 160. Matrisi ya ukaguzi, yaani jedwali linaloonyesha kila hakiki inagusa biti zipi, ina safu mlalo 384, kila safu ikiwa hakiki moja inayogusa biti 32, na kila biti ikiguswa na safu sita. Ukiwa na vikokotozi 32 vya ukaguzi vinavyofanya kazi pamoja, duru moja ya usimbuaji, yaani kupitia safu zote mara moja, inahitaji mapigo 12, hivyo bajeti yako inatosha duru 13. Kwa msimbo huu hizo ni duru za kutosha, na hata ziada. Maana yake ni kwamba huhitaji dekoda iliyosambazwa kikamilifu, yenye kikokotozi kwa kila safu, ili kuitosheleza kasi ya waya. Ikiwa karatasi yako inaonyesha duru 13 na chipu inafanya saba, upungufu huo una mahali pake, na sehemu inayofuata inaeleza jinsi ya kupatafuta.

Dalili: saa imefikia masafa yaliyopangwa, lakini fremu zinatoka kwa nusu ya kasi

Chunguza kwanza shughuli za vikokotozi vya ukaguzi, pigo kwa pigo, katika uigaji wa fremu chache. Hesabu mapigo ambayo kikokotozi kina data halali mlangoni mwake na mapigo ambayo kimekaa bure. Usitegemee wastani wa ripoti ya matumizi. Ingia ndani ya duru moja na uiangalie mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi utakuta vikokotozi vinafanya kazi kwa mapigo 12, kisha vinanyamaza kwa mapigo matano au saba, kisha vinaanza tena.

Mapigo hayo ya ukimya ni gharama ya rejista (vihifadhi vidogo kati ya hatua za hesabu) ulizoweka ili kufikia masafa ya juu. Ukikata njia ndefu ya hesabu katika hatua tano za mfululizo, kila hatua inakuwa fupi na saa inapanda, lakini jibu la safu ya mwisho sasa huchelewa mapigo matano kabla ya kuirudia biti. Duru ifuatayo haiwezi kuanza bila jibu hilo. Duru ya mapigo 12 inageuka kuwa ya mapigo 17, na mapigo 160 yanatosha duru tisa tu. Ukizidi kukata, saa inapanda kidogo na ukimya unaongezeka kwa kiasi kilekile au zaidi. Huu ndio mzunguko ambao watu huzunguka ndani yake kwa miezi.

Tiba ya kwanza inayopendekezwa ni usimbuaji wa tabaka, ambao hutumia majibu ya safu za mwanzo ndani ya duru ileile badala ya kungoja duru iishe. Kwa kawaida unafika kwenye jibu kwa karibu nusu ya idadi ya duru, na hiyo ni faida kubwa. Lakini katika msimbo huu pana mtego. Matrisi imeundwa kwa vipande vya 64 kwa 64, safu sita za vipande kwa nguzo 32, na katika kila kipande kila safu na kila nguzo ina moja moja tu. Kwa hiyo tabaka la safu 64 linagusa biti zote 2,048, kila moja mara moja. Tabaka linalofuata nalo linazigusa zote. Hakuna namna ya kupanga upya mfuatano wa tabaka ili tabaka la pili lipate biti ambazo tabaka la kwanza halikuzigusa, kama inavyowezekana katika misimbo yenye vipande vingi vitupu. Mbunifu aliyezoea misimbo ya mawasiliano yasiyotumia waya hufika hapa na mbinu zake za kupanga tabaka, na hazimpi chochote.

Kinachowezekana ni kutumia ukweli mwingine wa muundo huohuo: safu mbili za tabaka moja hazishirikiani biti hata moja. Tabaka linaweza kugawanywa katika nusu mbili za safu 32, na nusu ya pili ikaingia mara tu baada ya ya kwanza bila kusubiri. Ukimya unabaki kwenye mpaka wa tabaka pekee. Ili kuujaza huo uliobaki, weka fremu mbili ndani ya dekoda kwa wakati mmoja: wakati majibu ya fremu ya kwanza yako njiani, vikokotozi vinashughulikia fremu ya pili. Unalipa kumbukumbu maradufu na ucheleweshaji zaidi kwa kila fremu, lakini vikokotozi havikai bure, na kila rejista unayoongeza sasa inakuletea saa ya juu bila kukunyang'anya mapigo. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua ya kwanza ya kujaribu, kabla ya kugusa hesabu yenyewe, kwa sababu haibadilishi hata biti moja ya matokeo na hivyo haihitaji kupima upya uwezo wa kusahihisha.

Dalili: muda ulitimia baada ya usanisi (kugeuza muundo kuwa milango ya mantiki), ukashindikana baada ya kupitisha waya

Fungua ripoti ya njia ndefu zaidi na utenganishe muda unaotumiwa na milango ya mantiki na muda unaotumiwa na waya. Ikiwa waya unachukua zaidi ya nusu, kurahisisha hesabu hakutakusaidia. Angalia pia ramani ya msongamano: katika dekoda ya LDPC sehemu nyekundu kwa kawaida hukaa katikati ya chipu, mahali ambapo ujumbe kutoka kila upande hupishana.

Chanzo kinajulikana tangu mwanzo wa fani hii. Mwaka 2002 Blanksby na Howland walionyesha dekoda iliyosambazwa kikamilifu kwa msimbo wa biti 1,024, yenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa milliwati 690, na ukubwa wa chipu ile uliamuliwa na waya kuliko na mantiki. Msimbo wa 10GBASE-T ni mzito zaidi. Biti 2,048 zikiunganishwa kila moja na safu sita zinafanya viungo 12,288. Kila kiungo kikipeleka ujumbe wa biti tano kwenda na biti tano kurudi, waya zinafika 122,880, nazo zinaelekea kila upande kwa makusudi, kwa maana mtawanyiko huo ndio unaoupa msimbo nguvu yake.

Punguza kwanza kile kinachosafiri. Katika kanuni ya kiwango cha chini (min-sum), ambayo karibu kila dekoda ya vifaa hutumia, kikokotozi cha safu hakihitaji kutuma ujumbe 32 tofauti. Ukubwa wa ujumbe wote ni mmoja kati ya mbili tu: thamani ndogo kuliko zote, au ile inayoifuata kwa biti iliyotoa ndogo kuliko zote. Thamani hizo mbili za biti nne nne, namba ya biti tano inayotaja ni mlango upi uliotoa ndogo zaidi, na alama 32 za chanya au hasi zinatosha. Jumla ni biti 45 mahali pa 160. Biti yenyewe inaweza kuujenga ujumbe wake upande wa pili wa waya.

Hilo lisipotosha, punguza usambazaji. Dekoda ya vikokotozi 32 ambayo bajeti ya mapigo iliruhusu hapo juu ina waya chache mno kuliko ile ya vikokotozi 384, na mara nyingi inafanya kazi kwa saa ya juu kiasi cha kufuta tofauti. Njia nyingine ni kugawanya kila safu katika sehemu mbili au zaidi zinazobadilishana habari kidogo tu, kama Mohsenin na Baas wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walivyofanya. Msongamano unapungua sana, lakini ukiigawanya safu bila kubadilishana chochote kuhusu thamani ndogo, kila upande utadhani thamani yake ndiyo ndogo kuliko zote, na uwezo wa kusahihisha utashuka. Toleo lao linalotuma ishara moja ya kizingiti kati ya sehemu hurudisha sehemu kubwa ya upotevu huo. Tofauti na kuweka fremu mbili, tiba hii inabadilisha matokeo, na lazima ipimwe hadi viwango vya chini kabisa vya makosa.

Dalili: mkunjo wa makosa unashuka vizuri, kisha unalala

Kiwango kinadai si zaidi ya kosa moja katika biti trilioni moja, yaani 10⁻¹². Dekoda nyingi huonekana nzuri hadi 10⁻⁹ au 10⁻¹⁰, kisha mkunjo (grafu ya makosa dhidi ya ubora wa ishara) unapinda na kuwa karibu mlalo. Hii ndiyo sakafu ya makosa, na ubaya wake ni kwamba haionekani katika uigaji wa kawaida. Ili kukusanya makosa mia moja kwenye kiwango cha 10⁻¹² unahitaji biti 10¹⁴. Programu inayosimbua megabiti 10 kwa sekunde ingechukua siku zipatazo 116. Dekoda iliyowekwa kwenye chipu ya FPGA (chipu inayoweza kupangwa upya) kwa gigabiti 10 kwa sekunde huchukua chini ya saa tatu. Asiye na jukwaa la vifaa la kupimia hana budi kukiri kwamba hajaijua sakafu yake.

Usianze kwa kuongeza duru. Anza kwa kuhifadhi fremu zilizoshindikana, pamoja na hali ya biti na hakiki katika duru kadhaa za mwisho, kisha uzitazame. Picha mbili hutokea.

Katika picha ya kwanza, biti chache zilezile zinabaki zimekosea duru baada ya duru, na idadi ya hakiki zisizotimia haibadiliki. Ukikuta biti nane na hakiki nane, umekutana na umbo linalojulikana: kundi la Chuo Kikuu cha California, Berkeley (Zhang, Anantharam, Wainwright na Nikolić), lilionyesha kwamba seti za kunasa za aina hii ndizo zinazotawala sakafu ya msimbo wa (2048,1723). Biti nane zina viungo 48. Vinane vinaelekea kwenye hakiki zinazolalamika na 40 kwenye hakiki zilizoridhika kimakosa, kwa kuwa kila moja ya hizo inaona makosa mawili yanayofutana. Kwa wastani kila biti iliyokosea inasikia sauti tano za kuisifu na moja ya kuilaumu. Duru mia moja zaidi hazitabadilisha kura hiyo.

Tiba ni kuivuruga kura. Duru za kawaida zinapoisha huku hakiki chache zikibaki hazijatimia, uzito wa ujumbe unaotoka kwenye hakiki zinazolalamika huongezwa, na ule wa hakiki zilizoridhika zinazogusa biti hizohizo hupunguzwa, kisha duru chache zaidi zinapitishwa. Chipu ya kundi hilo ya nanomita 65, iliyochapishwa mwaka 2010, iliishusha sakafu kwa njia hii na bado ikafikia gigabiti 47.7 kwa sekunde kwa msaada wa kusimama mapema. Kazi hii ya ziada hutokea kwa fremu chache mno, kwa hiyo haigusi wastani wa kasi. Inagusa kikomo cha juu, ambacho tutakirudia.

Katika picha ya pili, biti zinabadilika badilika kati ya sifuri na moja na idadi ya hakiki zisizotimia inapanda na kushuka. Hapo tuhumu upana wa namba. Ujumbe wenye biti chache unafika kikomo cha juu mapema, na thamani yenye uhakika wa kweli haitofautiani tena na yenye uhakika wa bandia. Kipimo chepesi cha kutofautisha ni kuzidisha thamani zote za kuingia (uhakika wa awali wa kila biti) kwa namba moja. Kanuni ya kiwango cha chini katika hesabu isiyo na mipaka haijali ukubwa huo hata kidogo, kwa sababu kulinganisha na kujumlisha kunakua kwa uwiano uleule. Matokeo yakibadilika sana, basi chanzo ni upana wa namba au ile thamani maalumu inayoondolewa kwenye ujumbe ili kupunguza kujiamini kupita kiasi, nayo inatakiwa kupangwa pamoja na ukubwa wa thamani za kuingia, si peke yake.

Dalili: hakiki zote zimetimia, lakini fremu ina makosa

Dalili hii hulaumiwa dekoda isivyo haki. Fremu ya 10GBASE-T inabeba vipande 50 vya biti 65, biti moja ya ziada na CRC (namba ya kugundua makosa) ya biti nane. Ikiwa hakiki 384 za LDPC zimetimia na CRC imekataa, uwezekano mkubwa ni kwamba kosa limo katika zile biti 1,536 zisizosimbwa. Biti hizo huamuliwa baada ya usimbuaji: biti nne za kila alama ya DSQ128 (mpango wa alama 128, kila moja ikibeba biti saba) hutaja alama iko katika kundi gani, kisha tatu zilizobaki huchaguliwa kwa kutafuta mwanachama wa kundi aliye karibu zaidi. Mpangilio wa biti kwenye alama ukikosewa katika hatua hii, LDPC itafanya kazi kikamilifu na fremu itaharibika hata hivyo.

Pana chanzo kingine chenye dalili inayofanana lakini isiyo kali. Mtumaji wa 10GBASE-T hutumia usimbaji wa awali wa Tomlinson–Harashima, unaokunja ishara irudi ndani ya mipaka. Kwa mpokeaji, alama iliyo ukingoni ina majirani upande wa pili wa mkunjo. Kikokotozi cha thamani za kuingia kikiwasahau majirani hao, kitatoa uhakika mkubwa mno kwa alama za ukingoni. Panga makosa kwa nafasi ya alama: yakilundikana pembezoni, chanzo umekipata bila kuifungua dekoda.

Dalili: wastani wa kasi ni mzuri, ila mara chache fremu zinadondoka

Dekoda inayosimama mara tu hakiki zinapotimia humaliza fremu nyingi kwa duru mbili au tatu. Mbunifu huona wastani huo, hupunguza masafa ya saa ili kuokoa nguvu, na mambo yanakwenda sawa hadi fremu ngumu mbili au tatu zifuatane. Waya hausubiri, fremu mpya inaingia kila nanosekunde 320, na bafa (kumbukumbu ya kungojea) ikiwa na nafasi ya fremu moja tu, ya nne inakosa pa kukaa.

Rekodi urefu wa foleni ya kuingilia, si idadi ya duru. Foleni ikigusa kikomo dakika ileile fremu inapodondoka, una njia mbili: kuongeza bafa kwa fremu chache, au kuweka kikomo cha duru kinachopungua kadiri foleni inavyorefuka. Ya pili ni nafuu na haiongezi ucheleweshaji, lakini inahamisha hatari kutoka fremu kudondoka kwenda fremu kukosa kusahihishwa, na duru za kuvuruga seti za kunasa ndizo zitakazokatwa kwanza. Mimi huchagua bafa. Kumbuka pia kwamba waya una tarehe ya mwisho kwa kila fremu: inayotoka mapema lazima ishikiliwe hadi zamu yake ili ucheleweshaji uonekane sawa kwa tabaka la juu.

Dalili katika Reed–Solomon: kila kitu kinakwenda, isipokuwa mlinganyo mkuu

RS(544,514) hufanya kazi juu ya alama za biti 10 na husahihisha hadi alama 15 zilizokosewa. Usimbuaji una hatua tatu: kukokotoa sindromu 30 (namba zinazoonyesha kama kuna makosa), kutatua mlinganyo mkuu ili kupata polinomia ya mahali pa makosa, na kutafuta mizizi yake kwa utafutaji wa Chien pamoja na kanuni ya Forney kwa ukubwa wa makosa. Hatua ya kwanza na ya tatu hupanuka kwa urahisi. Ya kati haipanuki, kwa kuwa kila hatua yake inategemea iliyotangulia.

Chukua saa ya megahezi 625. Kwa gigabiti 100, neno moja la msimbo (alama zote 544) huingia kila nanosekunde 51.2, yaani mapigo 32, alama 17 kwa pigo. Kitatuzi cha Berlekamp–Massey kinachohitaji hatua mbili kwa kila alama inayosahihishwa kinamaliza kwa mapigo 30. Kinatosha, kwa ufinyu. Hamia gigabiti 400 na neno linaingia kila nanosekunde 12.8, mapigo manane, alama 68 kwa pigo. Kitatuzi bado kinataka mapigo 30. Anayejaribu kukifanya kiwe na kasi mara nne anapigana na kitanzi cha marejesho kisichovunjika. Jibu jepesi ni kuweka vitatuzi vinne na kuvipa maneno kwa zamu. Eneo linaongezeka, lakini kwa kulinganisha ni dogo: sindromu pekee katika kasi hiyo zinataka vizidishi vya kudumu takriban 2,040.

Ikiwa kitatuzi kimoja chenyewe hakifikii masafa ya saa, angalia ni umbo gani la kanuni umetumia. Katika umbo la asili, tofauti ya kila hatua hukokotolewa kwanza na polinomia husasishwa baadaye, hivyo njia ndefu inapita vizidishi viwili na mti wa vijumlishi. Umbo lililorekebishwa na Sarwate na Shanbhag mwaka 2001, lisilo na ugawaji, hukokotoa tofauti za hatua zijazo sambamba na usasishaji. Njia ndefu inabaki kizidishi kimoja na kijumlishi kimoja. Linatumia seli 46 kwa msimbo huu badala ya chache zaidi, na sioni sababu ya kutumia jingine katika kasi hizi.

Dalili moja ya hatua ya tatu inastahili kutajwa kwa kuwa inapoteza muda wa watu wengi: sindromu ni sahihi, shahada ya polinomia ni sahihi, lakini marekebisho yanaangukia alama zisizo na kosa. Msimbo huu umefupishwa. Urefu kamili ni alama 1,023, na 479 hazitumwi. Utafutaji wa Chien lazima uanzie nafasi ya alama ya kwanza inayotumwa kwa kweli. Hakikisha pia kwamba idadi ya mizizi iliyopatikana inalinganishwa na shahada ya polinomia kabla ya kurekebisha chochote. Neno lenye makosa kupita kiasi likisahihishwa vibaya bila kugunduliwa ni tukio la uwezekano wa karibu moja gawanya kwa 15! (faktoria ya 15), ambao ni chini ya moja katika trilioni. Ukiliona likijirudia kwenye benchi, hiyo ni kasoro ya mantiki. Msimbo haukosei mara nyingi hivyo.

Dalili: kiwango cha makosa ya kuingia ni kizuri, lakini maneno yasiyosahihishika ni mengi

Kabla ya kuilaumu dekoda, panga maneno kwa idadi ya alama zilizosahihishwa, kutoka sifuri hadi 15. Kwa makosa ya kubahatisha ya kiwango cha 2.4 × 10⁻⁴ kwa biti, neno moja lina wastani wa alama 1.3 zilizokosewa, na kuanzia kikundi cha alama mbili, kila kikundi kinapaswa kuwa kidogo kuliko kilichotangulia kwa uwiano unaozidi kushuka: kikundi cha alama tano ni karibu robo ya cha nne, na cha nane ni karibu moja ya sita ya cha saba. Mkia ukishuka kwa uwiano usiobadilika, au ukaacha kushuka, makosa yanakuja kwa mafungu.

Mafungu hayo hutoka kwenye kisawazishi cha marejesho cha mpokeaji, kinachosafisha ishara kwa kutumia maamuzi yaliyotangulia, ambapo uamuzi mmoja mbaya huchafua unaofuata. Dekoda yenye kasi zaidi haiwezi kuyaondoa. Kuyatawanya kwa kupishanisha maneno mawili, kama Etheneti ya gigabiti 400 inavyofanya alama kwa alama, hugawa fungu moja kati ya maneno mawili. Usimbaji wa awali kwa upande wa mtumaji hugeuza fungu refu kuwa makosa mawili, moja mwanzoni na moja mwishoni. Lakini usimbaji huohuo hugeuza kosa moja la kubahatisha kuwa mawili, kwa hiyo kwenye waya mfupi usio na mafungu unaweza kuongeza mzigo wa dekoda badala ya kuupunguza. Chora mgawanyo wa makosa ukiwa umewashwa, chora tena ukiwa umezimwa, kwenye waya uleule na kwa muda uleule, na uchague ule ambao kikundi chake cha kumi hadi cha 15 ni kidogo zaidi, hata kama wastani wake wa alama zilizosahihishwa ni mkubwa.